Protini Zinazokadiria Hali ya Mgonjwa: Somo Linaloanzia Jinja



Ndugu zangu, nimeombwa nieleze protini zinazotumika kukadiria hali ya mgonjwa wa saratani ya mapafu. Nitaanzia Jinja, kwa majirani zetu.

Mwaka 1957 daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa wodini Mulago kumwangalia mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Wiki chache baadaye, akiwa ziarani hospitali ya Jinja, alichungulia dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uvimbe uleule. Akaanza kukusanya kumbukumbu, akachapisha mwaka 1958, na saratani hiyo ikabeba jina lake. Mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake mjini London walionyesha kirusi ndani ya seli za uvimbe huo.

Burkitt alitumia macho. Siku hizi tunaongeza vipimo vya damu, na kimoja ni LDH, yaani laktati dehidrojenasi. Hiki ni kimeng'enya, kwa hiyo ni protini, na kimo karibu katika kila seli ya mwili. Kazi yake ni kugeuza piruvati kuwa laktati na kinyume chake. Uvimbe unaokua mbio huwa na seli nyingi zinazokufa, nazo zikipasuka kimeng'enya humwagika kwenye damu. Ndiyo maana kielezo cha kimataifa cha mwaka 2021 cha kukadiria hali ya watu wazima wenye saratani ya Burkitt kinahesabu LDH iliyopita mara 3 ya kiwango cha juu cha kawaida kuwa dalili mbaya.

Kwenye mapafu pia LDH ya juu huenda pamoja na hali mbaya, hasa katika saratani ya seli ndogo. Kwa aina nyingine kuna CYFRA 21-1, vipande vya protini saitokeratini 19. Vikiwa vingi kwenye damu, kwa kawaida ugonjwa umeenea zaidi.

Hapa wengi wetu huchanganya mambo mawili kwenye mtihani. LDH na CYFRA hueleza ugonjwa unakoelekea. PD-L1, inayopimwa kwenye kipande cha nyama ya uvimbe, husaidia kuchagua dawa: ikionekana kwenye nusu ya seli za saratani au zaidi, dawa ya kinga kama pembrolizumab ina nafasi nzuri ya kufanya kazi. Swali la kwanza ni "hali ikoje?" na la pili ni "tumpe nini?"

Sasa kosa langu. Nikiwa mazoezini katika maabara moja, nilichukua damu ya Haji mmoja aliyekuwa na uvimbe wa pafu. Sindano ilikuwa nyembamba, nikavuta sirinji kwa nguvu, kisha nikaimiminia damu kwenye chupa kwa haraka. Seramu ilitoka na rangi ya waridi. Chembe nyekundu zimejaa LDH, na zikivunjika zinaimwaga yote mle ndani. Niliiona ile rangi, nikanyamaza, nikaandika namba. Namba ilikuwa ya kutisha. (Malaria nayo huvunja chembe nyekundu, katika ukanda wetu huu, pima malaria kabla hujailaumu saratani.)

Siku mbili baadaye Haji aliniita. "Mwanangu, hiyo karatasi inasema nimebakiza miezi mingapi?" Mpwa wake alikuwa amemsomea, na mwanawe mkubwa alikuwa keshafika kutoka Jinja kuandika wasia. Nilimwambia, "Haji, karatasi haihesabu miezi," nikamkumbusha aya ya mwisho ya Suratul Luqman. Lakini nilijua aya haikunifichia kosa langu. Nikamweleza msimamizi rangi niliyoiona, na kwa idhini yake nikamweleza Haji pia.

Damu ya pili ilichukuliwa taratibu, kwa sindano pana. LDH ilikuwa juu kidogo tu ya kawaida. Uvimbe ulikuwepo bado, na safari ya kwenda Taasisi ya Saratani Mulago ilibaki palepale.

Wasia hakuuchana. Alisema kuuandika ni sunna, damu iwe na rangi gani.