Filamu za Muziki: Tusikilize Maoni, Kisha Tuyapime

SOMO LA KUSOMA NA KUJADILI



Zamani sinema ililetwa kijijini na gari. Watu walikaa chini uwanjani, wakaangalia, gari likaenda zake. Siku hizi mambo ni mengine. Wapo wenye televisheni na deki nyumbani. Wapo wanaokwenda kwenye vibanda vya video, vile ambavyo vijana huviita vibanda umiza. Wapo wanaoangalia kwenye simu ya mkononi. Kanda za video za aina ya VHS zilianza kuuzwa Japani mwaka 1976. Santuri za DVD zilianza huko huko Japani mwaka 1996. Tangu hapo mtu anaweza kuangalia filamu kwake, akairudia apendavyo.

Lakini jambo moja halikubadilika. Filamu ikiisha, watu husema. Huyu anasema, "Nzuri sana!" Yule anasema, "Bwana wee, nimepoteza pesa yangu." Na mtu ambaye hajaiona huamua kwa maneno hayo kama atatoa pesa au hatatoa. Zaidi ya hayo, huamua kama ataamini habari iliyomo. Kwa hiyo maneno hayo yana uzito. Leo tujifunze namna ya kuyapima. Tutatumia filamu za muziki, kwa sababu muziki kila mtu anaupenda kwa namna yake.

1. KUNA FILAMU ZA AINA MBILI

Filamu za muziki ni za aina mbili. Aina ya kwanza ni filamu za mambo ya kweli. Humo tunamwona mwanamuziki mwenyewe, na watu waliomjua wanahojiwa. Aina ya pili ni filamu za kuigiza. Humo hadithi imetungwa.

Mfano wa aina ya pili ni filamu ya Jamaika iitwayo The Harder They Come, ya mwaka 1972. Anayeigiza ni Jimmy Cliff, ambaye alikuwa mwimbaji kweli. Katika hadithi, kijana anatoka shamba kwenda mjini Kingston ili awe mwimbaji. Tajiri wa santuri anamlipa dola 20 tu kwa wimbo wake. Mwishowe kijana anaingia katika uhalifu.

Mtu akitoka hapo akasema, "Kumbe Jimmy Cliff alikuwa jambazi!" amekosea. Ameichukua hadithi akaifanya habari. Lakini mwenzake akisema, "Filamu hii imenionyesha jinsi waimbaji wanavyonyonywa," huyo ametoa maoni ya maana. Hadithi ni ya kutunga, lakini fundisho lake ni la kweli.

2. FILAMU MBILI KUTOKA TUKIO MOJA

Sasa tutazame filamu za mambo ya kweli. Twende Kinshasa, mwaka 1974. Wakati huo nchi ya Kongo iliitwa Zaire. Muhammad Ali na George Foreman walikuwa wapigane ndondi huko mwezi Septemba. Kabla ya pambano likaandaliwa tamasha kubwa la muziki la siku tatu. Walikuja James Brown na B.B. King kutoka Marekani, Celia Cruz aliyezaliwa Kuba, na Miriam Makeba wa Afrika Kusini. Wenyeji nao walikuwamo: Franco na bendi yake ya TPOK Jazz, na Tabu Ley. Hao wawili wasikilizaji wa redio wa Afrika Mashariki waliwajua vizuri.

Wapiga picha walikwenda ili watengeneze filamu ya tamasha. Lakini Foreman alichanika juu ya jicho akiwa mazoezini. Pambano likaahirishwa hadi tarehe 30 Oktoba. Tamasha halikuahirishwa. Basi mtengenezaji, Leon Gast, akabaki akimpiga picha Ali.

Filamu yake, When We Were Kings, ilitoka mwaka 1996, yaani miaka 22 baadaye. Ikapata tuzo ya Oscar mwaka 1997. Lakini tazama: filamu iliyoanza kwa ajili ya muziki ilikuwa sasa ni filamu ya ndondi. Muziki umo, ila kidogo. Mpenzi wa ndondi anasema, "Hakuna filamu kama hii." Mpenzi wa muziki ananung'unika, "Mbona nyimbo zinakatwa kabla sijashiba?"

Nani anasema kweli? Wote wawili. Kila mmoja alikwenda na njaa yake.

Picha nyingi za tamasha zilibaki ghalani. Mtu aliyeshiriki kuunganisha picha za filamu ya kwanza, Jeffrey Levy-Hinte, alizichukua akatengeneza filamu ya pili, Soul Power, ya mwaka 2008. Hii ni ya tamasha lenyewe. Hata hapo watu hawakuridhika wote. Wengine walisema wageni wa Marekani wamepewa nafasi kubwa kuliko Waafrika. Manung'uniko hayo yana msingi. Nyimbo zilizorekodiwa pale na wanamuziki wa Afrika zilitolewa kwa pamoja mwaka 2017 tu, miaka 43 baada ya tamasha.

Tunajifunza nini? Kamera huchukua picha nyingi, na mtengenezaji huchagua chache. Ni kama mtu anayechambua mchele. Kinachobaki kwenye ungo ndicho tunachopikiwa. Hatuoni kilichotupwa.

3. KILICHOACHWA NACHO NI HABARI

Mfano mwingine ni filamu ya Searching for Sugar Man, ya mwaka 2012. Aliyeitengeneza ni Malik Bendjelloul wa Uswidi. Inamhusu mwimbaji wa Detroit, Marekani, aitwaye Rodriguez. Alitoa santuri mbili, mwaka 1970 na 1971. Marekani hazikununuliwa. Akarudi kwenye kazi za kubomoa na kukarabati nyumba.

Kumbe huko Afrika Kusini, wakati wa ubaguzi wa rangi, nyimbo zake zilipendwa mno. Watu walinakiliana kwenye kanda. Ukaenea uvumi kuwa amejiua jukwaani. Wapenzi wake wakamtafuta, wakamkuta hai. Mwaka 1998 akaenda Afrika Kusini akaimba mbele ya maelfu. Filamu inauliza pia swali zito: pesa za santuri zilizouzwa huko zilikwenda wapi, wakati mwimbaji alikuwa akibeba vifusi?

Watu wengi walitokwa machozi. Filamu ikapata tuzo ya Oscar mwaka 2013. Lakini watazamaji wengine walisema, "Ngoja kwanza." Walijua kuwa Rodriguez aliimba pia Australia mwaka 1979 na mwaka 1981. Huko nako alipendwa. Filamu haikusema jambo hilo. Mtazamaji anabaki akidhani kuwa mtu huyu alisahauliwa dunia nzima isipokuwa nchi moja.

Wengine wakaitetea. Walisema filamu inaeleza jinsi watu wa Afrika Kusini walivyomjua, na wakati ule nchi yao ilikuwa imetengwa, habari haziingii vizuri.

Hayo ndiyo mabishano mazuri. Hakuna anayetukana. Kila upande una sababu. Na sisi tunaona kuwa filamu inaweza kusema kweli katika yale inayoonyesha, na bado ikatupa picha isiyo kamili kwa yale iliyoyaacha.

4. USILAUMU MPISHI KWA SABABU YA SAHANI

Mara nyingine mtu anasema, "Filamu mbaya, sauti inakwaruza, picha ina giza." Hebu muulize: ameangalia nakala gani? Nakala iliyonakiliwa mara nyingi hupoteza sauti na picha. Hiyo ni kasoro ya nakala, si ya filamu. Katika filamu ya muziki kasoro hiyo ni kubwa, kwa sababu sauti ndiyo chakula chenyewe.

Tena nakala ya wizi haimpi mwanamuziki kitu. Tulipomwonea huruma Rodriguez, tuwaonee huruma na waimbaji wetu.

5. MAMBO YA KUJIULIZA

Ukisikia maoni juu ya filamu, jiulize:

(a) Je, msemaji ameiangalia yote, au amesikia kwa watu?
(b) Je, anasema habari au anasema anavyoona yeye? "Filamu ilitoka mwaka 2012" ni habari. Inaweza kuhakikishwa. "Inachosha" ni maoni.
(c) Je, ametoa sababu? Maoni bila sababu ni kama jembe bila mpini.
(d) Je, yeye anapenda nini? Anayependa dansi na anayependa taarabu hawatapima kwa kibaba kimoja.
(e) Je, lawama yake ni ya filamu, au ni ya nakala na spika mbovu?

Na wewe ukitoa maoni, fanya hivyo hivyo. Usiseme "nzuri" ukanyamaza. Sema nini kilikupendeza, wapi hukuridhika, na kwa nini. Ukiweza, andika mistari mitano kwenye daftari lako. Maoni yaliyoandikwa yanaweza kusomwa na kujibiwa hata na mtu wa mbali.

Wahenga wa siku hizi wanasema: akili za kuambiwa, changanya na zako.

MANENO YA KUKUMBUKA

Maoni: jinsi mtu anavyoona jambo.
Kuhakikisha: kupata uthibitisho kuwa jambo ni kweli.
Nakala: kitu kilichotolewa kwa kufuatisha kingine.
Tamasha: mkusanyiko wa watu kwa ajili ya muziki, ngoma au michezo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini filamu ya Kinshasa ya mwaka 1996 iliwafurahisha wapenzi wa ndondi kuliko wapenzi wa muziki?
2. Je, ilifaa mtengenezaji kuacha habari za Australia? Toa sababu.
3. Taja mambo mawili yanayoweza kumfanya mtu ailaumu filamu bila haki.
4. Kama filamu ingetengenezwa juu ya ngoma ya kijiji chenu, ni jambo gani lisingefaa kuachwa? Nani aulizwe kwanza?