Kipimo cha Mimba katika Zamu ya Usiku

Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa anapofika usiku akilalamikia maumivu chini ya kitovu, kuzirai au kutokwa damu ukeni, apimwe mimba mapema, hata akisema yumo katika siku zake. Damu anayoidhani hedhi yaweza kuwa dalili ya mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi. Mrija ukipasuka, damu nyingi humwagikia ndani ya tumbo pasipo kuonekana. Mgonjwa aliyepewa dawa za vidonda vya tumbo na kuruhusiwa kwenda nyumbani aweza kurudishwa alfajiri mapigo yakienda mbio na shinikizo la damu likiwa limeshuka.

Kijiti cha kupimia hutambua homoni ya hCG, ambayo huanza kupatikana mwilini baada ya mimba kujipandikiza, takriban siku 6 hadi 12 tangu yai kurutubishwa. Kwa hiyo kipimo kilichofanywa kabla ya hedhi kukosekana chaweza kutoonyesha kitu ilhali mimba ipo. Mkojo wa aliyekunywa maji mengi nao huwa mwepesi, na homoni ikapungua humo. Jibu lisomwe kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti, mara nyingi dakika 3 hadi 5. Mstari unaojitokeza baadaye usihesabiwe. Tarehe ya mwisho ya matumizi itazamwe pia, kwani droo za vyumba vya zamu huhifadhi mengi yaliyosahaulika.

Jibu la kuwapo mimba halisemi imetunga wapi. Tena, homoni hii huweza kubaki mwilini kwa wiki kadhaa baada ya mimba kuharibika. Mahali pa mimba hutafutwa kwa ultrasaundi. Lakini mgonjwa aliyezirai, mwenye tumbo gumu na kiwambo cheupe cha macho, asisubirishwe mashine ya asubuhi: awekewe dripu, damu iandaliwe, na daktari wa upasuaji aitwe.

Aliye na hali tulivu na jibu la kutokuwa na mimba, ikiwa shaka ingalipo, apimwe damu, au arudie kipimo cha mkojo baada ya saa 48. Arejee mara moja maumivu yakizidi.

Usiku mgonjwa huletwa na mume, mama au shemeji. Waombwe kwa heshima wasubiri nje. Aulizwe akiwa peke yake, aridhie kupimwa, na jibu aambiwe yeye kwanza. Msichana anayeulizwa mbele ya mama yake atajibu kama mama anavyotaka kusikia.