Mtoto wa Kwanza wa Nyumba Kwenda Kusoma Sheria

Somo la mwezi kwa washarika na wainjilisti
Yasomwe kwanza: Hesabu 27:1–11, Luka 14:28–30



Katika sharika zetu za Bukoba na Muleba ziko nyumba nyingi ambazo baba na mama walikomea darasa la saba, nao sasa wana mtoto atakaye kusoma sheria. Jambo hili ni la shukrani. Lakini katika nyumba ya namna hiyo hakuna aliyewahi kuipita njia hiyo, wala wa kumwonya mtoto mahali penye mlima. Basi twataka kuitazama njia pamoja nanyi.

Kwanza tuungame kosa letu. Miaka michache iliyopita kijana mmoja alirudi kwetu na shahada ya sheria. Wazazi wake walikuwa wameuza sehemu ya kibanja ili asome. Tulimsimamisha mbele ya usharika, tukamwita wakili, tukamshukuru Mungu kwa kuwa kazi imekwisha. Baada ya ibada akatujia peke yake, akasema kwa sauti ndogo, "Baba Mchungaji, mimi si wakili bado. Imebaki shule nyingine Dar es Salaam, nayo ina ada yake. Sijui nitamwambiaje mama." Naye mama alikuwa nje akipokea pongezi. Kijana hakukosa bidii. Sisi wazee tuliuhesabia mnara gharama za nusu tu.

I. Kwa nini kazi hii ni njema

Wako wasemao kwamba mwanasheria ni mtu wa maneno ya hila, na Mkristo asimpeleke mtoto huko. Hatukubali. Binti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa wakadai urithi wa baba yao. Musa akalileta neno lao mbele za Bwana, nao wakapewa haki.

Neno kama hilo limetokea kwetu. Mwanamke mmoja wa Muleba aliachiwa na baba yake shamba la ukoo kwa wosia, na mwaka 1988 akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo. Ndugu yake akamshitaki katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, kwa kuwa mila ya Kihaya ilimpa mwanamke ruhusa ya kulitumia shamba la ukoo, wala si kuliuza. Shauri lilipanda hata Mahakama Kuu ya Mwanza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mwanamke ana haki ileile ya mwanamume, maana Katiba yakataza ubaguzi. Je, ni wajane wangapi kwetu waliofukuzwa kibanjani, wala hawakuwa na wa kuwasemea? Mtoto asomaye sheria kwa kumcha Mungu hasomi kwa ajili ya nyumba yake tu.

II. Ni wito wa nani?

Mzee Hans, baba yake Martin Luther, alikuwa mtu wa kazi ya shaba huko Mansfeld, naye alitaka sana mwanawe awe mwanasheria. Luther akayaanza masomo hayo Erfurt mwaka 1505, na mwaka uo huo akayaacha, akaingia nyumba ya watawa. Baba akakasirika sana. Basi wazazi, mwulizeni mtoto moyo wake kabla ya kuuza kitu. Nawe mtoto, usiwafiche shaka yako kwa kuogopa gharama waliyokwisha kutoa.

III. Vituo vya njia

1. Kidato cha tano na cha sita. Wengi huchukua tahasusi kama HKL au HGL. Chuo kikuu hutaka angalau masomo mawili yaliyofaulu vema. Kiingereza kisidharauliwe, kwa kuwa ndicho lugha ya vitabu vingi vya sheria.

2. Asiyepata alama hizo asikate tamaa. Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto hufundisha sheria kwa cheti na stashahada, na toka hapo mtu aweza kupanda hata shahada.

3. Mkopo. Bodi ya Mikopo hutaka hati, kama cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Na yatima, vyeti vya vifo vya wazazi. Hati zitafutwe mapema, wala si juma la mwisho.

4. Shahada. Ni miaka mitatu au minne, kwa kadiri ya chuo. Chuo cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kwa somo la sheria tu. Vyuo vya kanisa letu vya Makumira na Iringa navyo hufundisha sheria.

5. Shule ya Sheria, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007. Hapa ndipo tuliposahau sisi. Mitihani yake ni migumu: mwaka 2022 yalitangazwa matokeo ambayo kati ya watahiniwa 633 ni 26 tu waliofaulu masomo yote mara moja, hata serikali ikaunda kamati kuchunguza. Afauluye huomba kwa Jaji Mkuu kuandikishwa, na hapo ndipo aitwapo wakili.

IV. Kazi ya usharika

Yafaa mwinjilisti aandike vituo hivi katika daftari na kuwasomea wazazi tangu mtoto yu kidato cha nne. Yafaa pia kumtafuta mwanasheria Mkristo mjini azungumze na mtoto. Na fedha zigawiwe tangu mwanzo, kituo cha tano kiwe na fungu lake.

Kijana wetu alichangiwa na washarika baada ya mavuno ya kahawa. Alirudia mitihani miwili kabla ya kufaulu. Mama yake alipotuuliza, "Baba Mchungaji, sasa imekwisha kweli?" tulimtazama kwanza kijana, naye alipoitika ndipo tukajibu.

Maswali ya kuzungumza

1. Binti za Selofehadi walimwendea nani, na kwa adabu gani?
2. Katika usharika wetu yuko mtoto gani aliye peke yake njiani?
3. Ni gharama gani ya mnara wake ambayo hatujaihesabu?