Ushuru wa Soko Malindi Huamuliwa Wapi?

Wachuuzi wa Malindi bado humwita mtoza ushuru "kanjo", ingawa Baraza la Manispaa liliondoka mwaka 2013, serikali za kaunti zilipoanza. Madiwani waliopanga ada hawapo tena. Leo manispaa ina bodi ya wanachama 9, lakini bodi haitungi sheria ya kodi. Hiyo ni kazi ya Bunge la Kaunti ya Kilifi, ambalo huketi papa hapa Malindi.

Kifungu cha 210 cha Katiba hakiruhusu kodi wala ada ya leseni kutozwa au kubadilishwa nje ya sheria. Viwango huwekwa katika Mswada wa Fedha, na hapa ndipo wengi hukosea. Makadirio ya bajeti huwasilishwa bungeni kufikia Aprili 30. Mswada wa Fedha hupitishwa baadaye, ndani ya siku 90 baada ya mswada wa matumizi kupita. Anayelalamikia ushuru wa kibanda kwenye kikao cha bajeti amebisha mlango usio wake.

Maoni yenye uzito hutaja ada yenyewe, kiwango kinachopendekezwa, kiwango ambacho biashara inaweza kumudu, na sababu.