Kupakua na Kuhifadhi Barua-pepe: Itifaki za POP na IMAP na Kazi ya Mwanafunzi

Utangulizi

Mpishi hupakua wali kutoka chunguni na kuutia katika sinia. Kuli naye hupakua shehena melini. Katika hali zote mbili kitu huhama, na chungu hubaki kitupu. Neno hili lilipoingizwa katika istilahi za tarakilishi, maana yake ilipinda kidogo, kwa kuwa anayepakua makala kutoka kwenye wavuti hupata nakala tu, huku asili ikibaki palepale. Makala hii inanuia kuonyesha kwamba katika barua-pepe maana zote mbili zingali hai, na kwamba mwanafunzi asiyejua ni ipi inayotawala akaunti yake anaweza kupoteza sura nzima ya tasnifu, pamoja na maoni ya msimamizi wake.

Ieleweke kwanza kwamba barua-pepe haiendi moja kwa moja hadi kwenye tarakilishi ya mpokeaji. Mtumaji huikabidhi kwa seva yake; seva hiyo huipeleka kwa seva ya mpokeaji kwa itifaki iitwayo SMTP; nayo hungoja huko hadi mwenyewe aje kuichukua, mithili ya barua katika sanduku la posta. Itifaki, neno lenye asili ya Kiarabu, ni makubaliano, na ndivyo ilivyo hapa: seva na programu ya barua zimekubaliana maneno ya kusemezana. Tutaangazia itifaki mbili za kuchukulia barua.

POP: chungu kitupu

Itifaki ya POP ilichapishwa mwaka 1984. Toleo la tatu, POP3, lilitokea mwaka 1988 na kupata sura yake ya sasa mwaka 1996. Ilibuniwa wakati ambapo muunganisho wa mtandao ulikuwa ghali na nafasi kwenye seva ilikuwa haba. Kwa hivyo nia yake ni kuchukua barua upesi na kuondoka. Programu hutoa jina na nywila, huuliza idadi ya barua kwa amri STAT, huchukua kila moja kwa RETR, huitia alama ya kufutwa kwa DELE, kisha huaga kwa QUIT. Jambo ambalo aghalabu halitajwi ni kwamba DELE haifuti chochote papo hapo. Seva husubiri hadi isikie QUIT. Umeme ukipotea katikati ya mazungumzo, barua zilizotiwa alama husalia zilivyokuwa. Hiyo, kwa maoni yangu, ni busara ya kupendeza katika itifaki iliyo sahili hivyo.

Taabu hujitokeza pale ambapo akaunti moja inatumiwa kwenye vyombo viwili. Tuchukue mfano wa chama cha wanafunzi chenye anwani moja. Tarakilishi ya ofisini ikiwa imewekwa kwa POP na kuruhusiwa kufuta, itapakua barua zote alfajiri. Mwenyekiti akifungua simu yake saa nne, atakuta kikasha hakina kitu na kudhani hakuna aliyeandika. Diski ya ofisini ikiharibika, barua hizo hazipo tena popote. Programu nyingi huruhusu nakala kuachwa kwenye seva, lakini hata hapo POP haijui folda wala haikumbuki barua ipi imesomwa.

IMAP: kusomea maktabani

IMAP ilibuniwa na Mark Crispin katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1986. Toleo la nne lilichapishwa mwaka 1994, na marekebisho yake makubwa ya karibuni mwaka 2021. Hapa barua husomwa kama vitabu visivyoruhusiwa kutoka maktabani. Folda na alama za kusomwa, kujibiwa au kufutwa hukaa kwenye seva, hivyo simu na tarakilishi huona hali ileile. Isitoshe, programu inaweza kuomba vichwa vya barua pekee na kuacha kiambatisho kizito hadi kihitajike, faida ambayo mwenye bando dogo ataithamini.

Hata hivyo, IMAP ni kioo, si ghala la akiba. Ukifuta barua kwenye simu, hutoweka pia kwenye tarakilishi. Wengi wamehama kutoka POP wakidhani wamepata usalama, kumbe wamebadilisha aina ya hatari tu.

Nafasi na uhifadhi

Gmail ilipoanzishwa mwaka 2004 ikiwa na gigabaiti 1, washindani wake walikuwa wakitoa megabaiti chache, na watu waliacha mazoea ya kufuta. Tangu mwaka 2013 akaunti ya bure ina gigabaiti 15, zinazogawanywa kati ya barua na faili nyinginezo. Barua zenyewe hazili nafasi. Viambatisho ndivyo mlafi. Kwa kuwa barua-pepe ilibuniwa kubeba maandishi matupu, kila baiti 3 za kiambatisho hugeuzwa kuwa herufi 4. Rasimu ya megabaiti 15 basi huwa zaidi ya megabaiti 20. Ikitumwa mara sita, na msimamizi akairudisha mara sita, inakaribia robo ya gigabaiti.

Akaunti nazo zina mwisho. Chuo kinaweza kuifunga akaunti ya mwanafunzi aliyehitimu. Google nayo, tangu Desemba 2023, ina sera ya kuziondoa akaunti za kibinafsi zisizotumiwa kwa miaka miwili.

Anayekaribia kuhitimu, basi, aweke akaunti yake kwa IMAP katika programu kama Thunderbird, anakili barua za utafiti wake hadi kwenye folda za ndani ya tarakilishi, na folda hizo azinakili tena kwenye diski ya pembeni. Kisha azime mtandao na kufungua barua moja yenye kiambatisho kutoka katika nakala hiyo, kabla ya kufuta chochote kwenye seva.