Mahakama ya Juu inamhusu nini mtu wa Gisenyi?

Maswali ni ya wasomaji wa Gisenyi na vitongoji vyake. Anayejibu ni mwanasheria wetu.

Nauza vitenge karibu na mpaka wa Petite Barrière. Mahakama ya Juu iko Kigali, mimi inanihusu nini?

Inakuhusu hata usipoikanyaga maishani. Ugomvi wako wa kiwanja huenda ukaanzia kwa abunzi, yaani wapatanishi wa jamii, na tangu Mahakama ya Rufani ilipoanzishwa mwaka 2018, kesi za kawaida zinazopanda hadi juu kabisa zimepungua. Lakini Mahakama ya Juu ndiyo inayoweza kutamka kwamba sheria inapingana na Katiba. Ikishatamka, sheria hiyo imekufa kwa nchi nzima, wilaya yetu ya Rubavu ikiwemo. Na mlango uko wazi: mtu yeyote mwenye maslahi katika jambo anaweza kufungua shauri la namna hiyo, si lazima awe mbunge wala chama.

Imewahi kufuta sheria kweli?

Imewahi. Sheria ya makosa ya jinai ya mwaka 2018 ilisema kwamba anayemdhalilisha kiongozi wa umma kwa maneno, ishara, maandishi au vibonzo afungwe mwaka 1 hadi 2. Wakili Richard Mugisha akaipinga, na Aprili 2019 Mahakama ya Juu ikakifuta kifungu hicho, cha 233, kwa kuwa kilibana uhuru wa vyombo vya habari. Kikaondoka pia kifungu cha kudhihaki ibada za dini.

Ila haikumpa wakili yote aliyoyaomba. Ugoni ulibaki kosa la jinai, na kumtukana Rais kukaendelea kuadhibiwa kwa miaka 5 hadi 7, majaji wakieleza kwamba Rais ana majukumu ya pekee. Hapo likatokea jambo la ajabu kidogo: ofisi ya Rais mwenyewe ilitoa taarifa ikisema inaheshimu uamuzi huo, lakini kwa maoni yake matusi kama hayo ni suala la madai, si la jinai. Sijui kesi nyingine ambayo anayelindwa alikuwa tayari kulegeza kuliko anayemlinda. Kwa maoni yangu majaji walikuwa na nafasi ya kwenda mbali zaidi, wakaiacha.

Na aliyetenda kosa zito, naye ana haki gani mbele yao?

Haki ya kusikilizwa na hakimu aliye huru kupima adhabu. Desemba 2019, katika shauri la wakili Florida Kabasinga, mahakama ilikataa kipengele cha sheria ya kunajisi watoto kilichomlazimu hakimu kutoa kifungo cha maisha kisichopunguzika. Wengi walikasirika, nami nawaelewa. Lakini kosa halikuguswa, linabaki kosa. Kilichorudi ni kazi ya hakimu. Uganda ilipita njia hiyo mwaka 2009 katika kesi ya Susan Kigula, na Kenya mwaka 2017 katika kesi ya Muruatetu, zote kuhusu adhabu ya kifo ya lazima.

Inaweza kusimama mbele ya siasa kubwa?

Mwaka 2015 chama cha Green Party kiliiomba izuie kubadilishwa kwa ukomo wa mihula ya Rais. Oktoba iliwakatalia: wananchi wana uwezo wa kubadili Katiba yao kwa kura ya maoni. Kura ikapigwa Desemba mwaka huohuo.

Nikishindwa Kigali, nitakwenda Arusha?

Inategemea Arusha ipi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu imekufungia, kwa sababu mwaka 2016 Rwanda iliondoa tamko lililowaruhusu raia kuishtaki huko moja kwa moja. Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, katika jiji hilohilo, bado inampokea mkazi yeyote wa nchi mwanachama, tena bila kudai kwamba umalize kwanza mahakama za nyumbani. Angalia kalenda tu: una miezi 2 tangu kitendo kifanyike, au tangu ulipokijua.