Akili Ikipotea kwa Upungufu wa Vitamini B1

Yako maradhi ya ubongo ambayo wengi huyadhania kuwa ni wazimu, au pepo, au ulevi. Kumbe asili yake ni kukosa kitu kidogo kilichomo katika chakula. Kitu hicho ni vitamini B1, nacho huitwa pia thiamini. Twaona ni wajibu kuyaeleza, kwani dawa yake ipo, lakini maradhi yenyewe hayangoji.

Mwaka 1881 tabibu wa Kijerumani, Carl Wernicke, aliandika khabari za wagonjwa watatu. Akili zao zilichanganyika, macho yao hayakugeuka sawasawa, na mwendo wao ulikuwa wa kupepesuka. Wawili walikuwa walevi. Wa tatu ni mwanamke aliyetapika sana baada ya kumeza tindikali. Wote walikufa, na sababu haikujulikana.

Mwanga ulianza kuonekana kwa kuku. Katika miaka ya 1890, kisiwani Java, Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa mchele mweupe wamelegea miguu. Walipopewa mchele usioondolewa ngozi yake ya ndani, wakapona. Mwaka 1926, huko huko Java, Jansen na Donath wakaitoa thiamini yenyewe katika wishwa wa mchele. Baadaye ikabainika kuwa upungufu wake ndio uletao maradhi aliyoyaeleza Wernicke.

Huenda mtu akauliza: kitu kidogo hivyo chaharibuje akili? Ubongo hutumia sukari kama taa itumiavyo mafuta, na thiamini ni mfano wa utambi: usipokuwapo, mafuta yamo na taa haiwaki. Tena mwili hauweki akiba kubwa. Kwa majuma mawili au matatu huweza kwisha.

Basi wapatwao si walevi peke yao. Yumo mja mzito atapikaye kwa majuma, yumo aliyepasuliwa tumbo asiweze kula, na yumo aliyeshikwa na njaa ya siku nyingi. Tukimwona mtu wa namna hiyo amechanganyikiwa, au aona kitu kimoja kuwa viwili, au apepesuka, kumdhania ulevi ni dhulma, na kumzungusha kwa waganga ni kumpotezea wakati. Ama mlevi, pombe humnyima chakula na huzuia thiamini isiingie mwilini. Naye pia ni mgonjwa, atibiwe kabla ya kulaumiwa.

Apelekwe hospitali siku ile ile, na jamaa zake wamwambie daktari waziwazi ni siku ngapi hajala au ametapika. Maji ya sukari yakitiwa mshipani peke yake huweza kuimaliza thiamini iliyobaki. Yapasa thiamini itangulie au iende pamoja nayo. Sindano ikiwahi, macho huweza kutengenea kwa saa au siku chache. Ikichelewa, mgonjwa hufa, au hubaki na hali aliyoieleza Sergei Korsakoff wa Urusi: kumbukumbu hupotea, akasimulia yasiyokuwa, wala hakusudii uongo.

Na katika nyumba zetu, wali mweupe usiwe peke yake. Uandamane na kunde, mbaazi, choroko au samaki. Na mchuzi wa kunde usimwagwe, kwani thiamini huyeyuka majini. Aliyesoma haya na awaambie wenzake, khasa wenye kuuguza waja wazito.